Steringi Hafi, na Hapo Ndipo Msiba Unapoanza

Aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua kanuni bila kufundishwa: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atasukumwa kutoka ghorofani, atafungiwa kwenye nyumba inayoungua, lakini mwishoni anainuka na adui mkuu ndiye anayelala. Highlander, filamu iliyotoka Machi 1986, inaichukua kanuni hiyo kama ilivyo, halafu inauliza jambo ambalo filamu nyingi za mapigano hulipita kimya. Haya, hafi. Mkewe je? Rafiki zake je? Na jina lake kwenye hati za nyumba, miaka mia mbili baadaye, litakuwa la nani?

Kwa hesabu za mauzo, filamu hii ilianguka. Gharama za kuitengeneza hutajwa kati ya dola milioni 16 na 19, na majumba ya sinema ya Marekani yaliirudishia kama milioni 5.9. Baada ya hapo ndipo ilipoanza kuishi: ikapita kwenye kanda za video, ikarudiwa usiku kwenye televisheni, ikazaa filamu nne za kuendeleza, mfululizo wa televisheni wa misimu sita, katuni, na ubishi usiokwisha kuhusu ipi kati ya hizo ihesabike. Anayeikuta leo kwa mara ya kwanza hukwama sehemu tatu: kanuni za wasiokufa, matoleo mawili ya filamu moja, na mwendelezo unaojipinga wenyewe. Tutazifungua zote. Mwisho wa hadithi umetajwa humu, kwa hiyo asiyetaka kuujua akaitazame kwanza.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Connor MacLeod anazaliwa mwaka 1518 kijijini Glenfinnan, kwenye nyanda za juu za Uskoti. Mwaka 1536, katika vita yake ya kwanza dhidi ya ukoo wa Fraser, anachomwa upanga na jitu lililokuja kumtafuta yeye tu, Kurgan. Jeraha ni la kufa, na nyumbani wameshaanza kumlilia. Hafi. Badala ya kushangilia, watu wa ukoo wake wanaona ushetani: wanamfunga, wanampiga, wanamfukuza. Anahamia mbali, anaoa binti anayeitwa Heather, anaishi kwa uhunzi. Mwaka 1541 anatokea mpanda farasi aliyevaa kama tausi, Juan Sánchez Villa-Lobos Ramírez, Mmisri mwenye jina la Kihispania, aliyezaliwa kwa maelezo yake miaka 2,437 kabla ya siku hiyo. Yeye ndiye anayemweleza Connor alivyo, na kumfundisha upanga. Kurgan anafika siku ambayo Connor hayupo na kumuua mwalimu. Karne nne na nusu baadaye, New York ya 1985, Connor anauza vitu vya kale kwa jina la Russell Nash, na wasiokufa waliobaki duniani wanavutwa kwenye jiji hilo wamalizane.

Sasa kanuni. Zinasemwa kwa maneno machache mno, na kila moja inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Ya kwanza: asiyekufa hufa kwa kukatwa kichwa tu. Mtazamaji huiona kama kitisho, lakini kwa mwandishi ilikuwa dawa ya tatizo la kiufundi. New York ya miaka ya themanini imejaa bastola. Kwa nini watu wazima wakimbizane na panga kwenye maegesho ya magari? Ukishasema risasi haiui, bunduki inabaki kuwa kelele. Filamu inalithibitisha hilo mbele ya macho yetu: kwenye uchochoro mmoja, mwanajeshi wa zamani anayezunguka na silaha garini anammiminia Kurgan risasi. Kurgan anaanguka, anainuka, na anamnyanyua yule bwana kwa ncha ya upanga. Tangu dakika hiyo hakuna anayeuliza tena kwa nini hawatumii bunduki.

Ya pili: hakuna kupigana kwenye ardhi takatifu. Bila kanuni hii, maadui wawili wangekutana mara moja tu, na ingekuwa mara ya mwisho. Kwa kuwepo kwake wanaweza kukaa kanisani, benchi moja, wakasemezana maneno machafu huku mikono ikiwasha, na hakuna anayechomoa upanga. Tukio hilo la kanisani ni kati ya matukio bora ya filamu nzima, na hakuna tone la damu ndani yake.

Ya tatu ndiyo maarufu, na imeshakuwa msemo wa Kiingereza unaotumiwa na watu wasiojua ulikotoka: mwishoni lazima abaki mmoja tu. Atakayebaki anapata Tuzo. Watu huichukua kama kaulimbiu ya ushindani, ilhali uzito wake uko kwa marafiki. Connor ana mwenzake mmoja, Kastagir, aliyeigizwa na Hugh Quarshie, Mwingereza mzaliwa wa Accra. Wanakutana darajani, wanakumbatiana, wanataniana, wanakumbushana ulevi wa Boston mwaka 1783, pale Connor alipochomwa upanga mara kadhaa na bwana ambaye Connor alikuwa amemtukania mke, na kila mara akainuka akiwa bado amelewa, mpaka mpinzani wake akachanganyikiwa. Ni kicheko kitupu. Lakini wote wawili wanajua kwamba mchezo ukifika mwisho nao wamebaki wawili, watakatana. Kurgan anawaondolea aibu hiyo kwa kumwahi Kastagir.

Ya nne: asiyekufa hazai. Inatajwa kwa sentensi moja, na watu wengi huisahau. Ikumbuke, maana bila hiyo mwisho wa filamu hauna maana.

Kuna neno moja linalowasumbua hata wanaojua Kiingereza: Quickening. Asiyekufa anapokata kichwa cha mwenzake, umeme unapasuka, vioo vinavunjika, magari yanawaka taa yenyewe, na nguvu za marehemu zinamwingia mshindi. Hiyo ndiyo maana iliyozoeleka, na mfululizo wa televisheni ndio ulioikaza. Lakini kwa Kiingereza cha zamani neno hilo lilitumika kwa ile hali ya mama mjamzito kumhisi mtoto akicheza tumboni kwa mara ya kwanza. Katika filamu ya kwanza Ramírez analitumia karibu na maana hiyo. Anamfundisha Connor kumhisi kulungu dume anayekimbia, mapigo ya moyo wake na damu inavyokwenda, mpaka Connor anaanza kukimbia ufukweni kama mtu aliyepandwa na pepo wa furaha. Uhai unaocheza ndani ya mtu ulikuja kwanza; umeme wa kuua ulifuata.

Zaidi ya hapo, filamu haielezi kitu. Nani aliziweka kanuni? Wasiokufa wametoka wapi? Anayepigana kanisani anapatwa na nini? Connor anamuuliza Ramírez kwa nini wao wako hivi, na mzee anamjibu kwa kuuliza kwa nini jua huchomoza, kisha anasema hakuna ajuaye. Basi. Kwa maoni yetu jibu hilo ndilo nguzo ya nyumba nzima. Filamu imeweka mipaka ya mchezo wazi kabisa, ikaiacha asili ya mchezo gizani, na mtazamaji akajazia mwenyewe. Miaka mitano baadaye walikuja watu wakajaribu kuwasha taa, na tutaona kilichotokea.

Wazo lilikuwa la Gregory Widen, kijana aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto kabla ya kusomea uandishi wa filamu katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Aliandika muswada wake akiwa bado mwanafunzi, baada ya safari ya Uskoti na Uingereza ambako mavazi ya vita ya kale yaliyopangwa kwenye jumba la makumbusho yalimfanya ajiulize ingekuwaje kama yote yangekuwa ya mtu mmoja, naye bado yupo. Muswada wake ulikuwa mzito na wa huzuni zaidi. Peter Bellwood na Larry Ferguson waliuandika upya, wakaongeza mizaha. Huzuni haikutoka yote, ila ilikusanywa sehemu chache, na sehemu kubwa kuliko zote ni ya Heather.

Dakika zile hazizidi chache. Connor na mkewe wanatembea milimani, wanacheza, wanafanya kazi. Picha inabadilika, nywele za Heather zina mvi. Inabadilika tena, yeye ni bibi kizee anayeshindwa kupanda mlima na mumewe ni kijana yuleyule. Anakufa mikononi mwake. Kabla ya kufa anamwomba amwashie mshumaa kila siku yake ya kuzaliwa. Connor anamzika, anachomeka upanga wake wa ukoo juu ya kaburi, na anaondoka na katana ya Ramírez, yaani upanga wa Kijapani. Baadaye, ndani ya kanisa la New York, tunamwona akiwasha mshumaa. Hakuna anayetupigia hesabu, lakini ni zaidi ya miaka mia tatu amekuwa akiuwasha. Kurgan anamkuta palepale, na ndiyo sababu ugomvi wao wa kanisani unauma: mmoja amekuja kumkumbuka marehemu, mwingine amekuja kucheka.

Hapa kuna mkono wa mtu aliyezaliwa Unguja. Bendi ya Queen iliitwa kutunga wimbo mmoja, ikaonyeshwa vipande vya filamu kabla haijakamilika, na kila mwanabendi akatoka na wimbo wake. Brian May alianza kutunga wimbo unaouliza nani anataka kuishi milele, Who Wants to Live Forever, akiwa garini anarudi nyumbani baada ya kuona vipande vya Connor na Heather. Sauti inayobeba uzee wa Heather kwenye filamu ni ya Freddie Mercury, Farrokh Bulsara kwa jina la kuzaliwa, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Yeye mwenyewe alitunga Princes of the Universe, wimbo wa kufungulia filamu, wenye majivuno ya watu wasiojua kifo. Roger Taylor alichukua maneno ya Connor kwenye muswada akayafanya A Kind of Magic, na pia akaandika Don't Lose Your Head, jina ambalo kwa Kiingereza ni onyo la kutokupoteza kichwa: utani wa wazi kwa filamu ya kukatana vichwa. Muziki wa ala ni wa Michael Kamen.

Novemba 24, 1991, Mercury alifariki kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 45. Tangu siku hiyo Who Wants to Live Forever hausikiki tena kama ulivyosikika 1986. Aprili 1992 mwimbaji Seal aliuimba uwanjani Wembley, kwenye tamasha la kumkumbuka. Filamu ya kujifurahisha kuhusu watu wa panga ikajikuta imebeba, bila kupanga, sauti ya mtu ambaye kifo chake kilijulikana dunia nzima, akiuliza faida ya kuishi milele. Huwezi kuipangia bajeti bahati ya namna hiyo.

Mwongozaji alikuwa Russell Mulcahy wa Australia. Alikuwa bingwa wa video za muziki. Video yake ya Video Killed the Radio Star ndiyo iliyofungulia kituo cha MTV, Agosti 1, 1981. Wakosoaji wa wakati ule walimsema kwamba ametengeneza video ya muziki ya saa mbili. Hawakukosea, ila walichokiita kosa ndicho kilichoitatulia filamu tatizo lake gumu. Hadithi inaruka kati ya karne ya kumi na sita na 1985 mara nyingi. Filamu ya kawaida ingeandika mwaka chini ya skrini na kuendelea. Mulcahy anapitisha kamera. Kutoka kwenye maegesho ya magari inapanda, inapenya dari kama udongo, na inatokea Uskoti. Kutoka ndani ya tangi la samaki la Nash inapanda mpaka juu ya maji, na maji yamekuwa ziwa, na juu yake kuna mtumbwi, Connor na Ramírez. Mtazamaji anapata akili ya mtu aliyeishi sana, ambaye jana na karne iliyopita vimekaa chumba kimoja. Tukio la kwanza, la mieleka ukumbini, lilipigwa kwa kamera inayoning'inia kwenye nyaya juu ya watu, Skycam, iliyobuniwa na Garrett Brown. Leo mechi nyingi za mpira unazoziona zina kamera ya aina hiyo. Mwaka 1986 ilikuwa bado mgeni kwenye filamu za hadithi.

Panga nazo zina siri yake. Mafunzo yalikuwa chini ya Bob Anderson, aliyeshindania Uingereza mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952, na ambaye ndiye aliyekuwa ndani ya vazi la Darth Vader kwenye mapigano ya filamu mbili za Star Wars. Mwanafunzi wake mkuu, Christopher Lambert, alikuwa na kasoro ambayo kwa kazi hii ni ya hatari: haoni mbali hata kidogo bila miwani, na Connor MacLeod havai miwani. Pigano la filamu hujengwa kama ngoma, kwa hesabu: moja juu kushoto, mbili chini, tatu rudi nyuma. Mpigaji hulenga pembeni ya mwili, na wote wawili hutazamana machoni kabla ya kila pigo ili ijulikane kila mmoja yuko tayari. Asiyeona vizuri hawezi kutegemea kutazama. Inabidi hesabu iingie mwilini kabisa. Yale macho ya Connor yanayoonekana kutazama kitu kilicho nyuma ya mtu, ambayo watu wameyaandikia maneno mengi kuhusu huzuni ya karne, kwa sehemu ni macho ya mtu aliyeacha miwani yake mezani.

Cheche zinazoruka panga zinapogusana ni za kweli. Kila upanga uliunganishwa na ncha moja ya betri ya gari, mmoja chanya na mwingine hasi, nyaya zikapitishwa ndani ya nguo. Panga zikigusana, mzunguko unakamilika, umeme mwingi unapita kwenye kidoti kimoja cha chuma, chuma kinayeyuka na kuruka kama nyota. Volti 12 hazitoshi kumpiga mtu mshtuko kupitia ngozi kavu, ndiyo maana njia hii ilivumilika. Hatari iko kwingine. Ampea ni nyingi, kwa hiyo panga zikikaa zimegusana badala ya kupigana na kuachana, waya unapata moto na makali yanaliwa mashimo. Na waya ukivutika vibaya mwigizaji hawezi kunyoosha mkono. Anayetaka kuiga nyumbani asiiguse betri ya gari. Picha za kompyuta siku hizi ni za bei nafuu kuliko jicho.

Kasoro ziko tele, na mashabiki wanazijua kwa majina. Lambert alizaliwa Great Neck, jimbo la New York, akakulia Geneva, na Kiingereza chake kilikuwa na Kifaransa ndani, ndiye Mskoti. Sean Connery, Mskoti wa Edinburgh ambaye hakuwahi kuficha lafudhi yake kwa ajili ya mtu, ndiye Mmisri. Alilipwa, inavyosemwa, dola milioni moja kwa kazi ya wiki moja, na maneno yake ya kufungulia filamu aliyarekodia bafuni kwake Uhispania, ndiyo maana yana mwangwi. Cha ajabu lafudhi ya Connor haijadhuru. Mpelelezi anamwambia anaongea ajabu, anamuuliza anatoka wapi, naye anajibu: sehemu nyingi tofauti. Mtu aliyehamahama miaka 450 angeongeaje kama si hivyo?

Kosa la katana ni zito zaidi. Ramírez anasema alifuliwa upanga huo na baba mkwe wake, Masamune, mwaka 593 kabla ya Kristo. Masamune wa kweli, mhunzi mkubwa kuliko wote katika historia ya Japani, alifanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa ya 14 baada ya Kristo. Tofauti ni karibu miaka 1,900, na Japani ya 593 K.K. haikuwa na ufuaji wa panga za chuma kabisa. Tuitendee filamu haki: mhusika Brenda, mtaalamu wa vyuma wa polisi, anashangazwa na umri wa vipande alivyookota, kwamba upanga huo haukupaswa kuwepo. Lakini pia anasema chuma kimekunjwa mara 200, na hapo hesabu inakataa. Kila mkunjo huzidisha tabaka mara mbili. Mikunjo 10 inatoa tabaka 1,024, na mikunjo 15 inatoa 32,768. Wahunzi wa Japani huishia karibu na hapo. Mikunjo 200 ingetoa tabaka ambazo idadi yake ina tarakimu 61. Kabla ya kufika popote, chuma kingekwisha, kwa sababu kila kikitiwa motoni hupoteza magamba na kaboni. Mhunzi angebaki ameshika nyundo.

Upande wa nyaraka, kinyume chake, filamu iko makini kuliko inavyodhaniwa. Brenda anamnasa Connor kwa mwandiko: mali imepita kwa vizazi kutoka mtu hadi mtu, majina tofauti, sahihi ya mkono uleule. Majina yenyewe ni ya watoto waliokufa walipozaliwa. Njia hiyo wahalifu wa kweli waliitumia kwa miaka mingi, kwa sababu daftari la vizazi na daftari la vifo yalikaa ofisi tofauti na hakuna aliyeyalinganisha. Kompyuta ndizo zilizoifunga. Connor wa leo angekamatwa na benki kabla ya Kurgan.

Sasa matoleo. Lililoonyeshwa Marekani 1986 lina dakika 110. La nchi nyingine lina 116. Kilichokatwa kinaumiza. Connor ana katibu wake dukani, Rachel, mwanamke wa makamo anayempenda kwa namna isiyoeleweka vizuri: si mke, si dada, na anajua siri yake. Toleo la kimataifa linaeleza: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Connor alimkuta akiwa mtoto amejificha, askari wa Kijerumani akafyatua risasi, Connor akazipokea mwilini, akainuka, na akamwambia yule mtoto aliyeduwaa kwamba ni aina fulani ya uchawi. Binti aliyemlea sasa anaonekana mkubwa kuliko yeye. Ukiondoa tukio hilo, Rachel anakuwa fumbo lisilo na sababu, na jina la wimbo wa Queen linakosa mama.

Usilitambue toleo kwa dakika zilizoandikwa kwenye jalada, na hapa ndipo wengi hupotea. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Uingereza, Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko kwingi, huonyesha picha 25, kwa hiyo filamu ikihamishiwa huko hukimbia kwa asilimia 4 na sauti hupanda kidogo. Dakika 116 zinakuwa kama 111. Mtu anasoma 111, anadhani ameuziwa toleo lililokatwa la Marekani, kumbe analo kamili. Kipimo ni kimoja: kama yumo askari wa Kijerumani, umepata lenyewe.

Kinachobaki ni mwendelezo. Mwisho wa filamu ya kwanza ni mfungo kamili. Connor anamkata Kurgan kwenye jengo la Silvercup, kiwanda cha zamani cha mikate huko Queens, anabaki mmoja, anapokea Tuzo. Tuzo ni nini? Anasikia fikra za watu wa dunia nzima, na sasa anaweza kuzeeka, kuzaa na kufa. Karne nne za kukwepa kifo, na zawadi ya mshindi ni kifo cha kawaida. Hakuna pa kuendelea. Waandaaji wakaendelea.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Highlander II ya 1991 ilitaka kueleza wasiokufa walikotoka, na jibu lake ni kwamba ni wahamishwa kutoka sayari iitwayo Zeist. Ilipigwa Argentina wakati uchumi wa nchi hiyo umeyumba, wadhamini wa fedha wakamnyang'anya mwongozaji usukani wa kuhariri, na Mulcahy mwenyewe anasimuliwa kuondoka ukumbini siku ya uzinduzi baada ya dakika kama kumi na tano. Mwaka 1995 lilitoka toleo lililohaririwa upya ambalo limefuta Zeist na kuwafanya kuwa watu wa zama za kale sana za dunia hiihii. Afadhali, ila lile swali la Ramírez lilikuwa limeshajibiwa, na jibu lolote ni dogo kuliko swali lile.

Njia rahisi ya kuupanga mwendelezo ni kuuona kama barabara nne zinazoanzia mji mmoja na hazikutani tena. Filamu ya kwanza peke yake, imekwisha. Ya kwanza na ya pili, kwa anayetaka sayari. Ya kwanza na ya tatu, iliyotoka 1994 na kujifanya haijawahi kusikia habari za ya pili. Ujanja wake ni kwamba adui mmoja, Kane, alikuwa amefukiwa pangoni Japani kwa karne nne, hivyo hakuhesabiwa mwaka 1985. Humo pia ndimo kanuni ya ardhi takatifu inapoguswa: wanapigana kwenye hekalu la Kibudha na katana ya Connor inavunjika vipande.

Barabara ya nne ndiyo yenye watu wengi: mfululizo wa televisheni wa 1992 hadi 1998, vipindi 119, uliopigwa zaidi Vancouver na Paris. Adrian Paul anaigiza Duncan MacLeod, wa ukoo uleule, na Lambert anakuja kipindi cha kwanza kumkabidhi kijiti. Humu Kurgan alikufa kweli, ila hakuwa wa mwisho. Wasiokufa bado wapo wengi na Tuzo haijatwaliwa. Ukikubali badiliko hilo moja, mengine yanakaa sawa. Filamu ya mwaka 2000, Endgame, iko barabara hii, na ndani yake Connor anafika mwisho wake kwa upanga wa Duncan, kwa hiari yake.

Tangu 2016 Chad Stahelski, mwongozaji wa John Wick, amekuwa akishughulikia kuifufua, na mwaka 2021 Henry Cavill alitangazwa kuwa ndiye atakayeshika upanga. Kazi yao ngumu kuliko zote itakuwa kujizuia wasieleze.

Anayeanza leo atazame toleo la dakika 116, apumzike, na kama hajatosheka aruke filamu ya pili na ya tatu aende kwenye mfululizo. Msimu wa kwanza una vipindi vya adui wa wiki ambavyo vinaweza kupitwa bila dhambi. Hadithi inakolea kuanzia msimu wa tatu, anapoingia Methos, mtu wa miaka elfu tano ambaye badala ya kuwa mzee wa hekima anakunywa bia kwenye kochi.

Anayetaka muziki peke yake ajue kwamba albamu kamili ya filamu haijawahi kutolewa. Nyimbo nyingi ziko kwenye A Kind of Magic ya Queen, Juni 1986, lakini baadhi zikiwa tofauti na zinavyosikika ndani ya filamu. Kimoja hakimo kabisa: kipande kifupi cha New York, New York anachokiimba Mercury wakati Kurgan amemteka Brenda na kukimbiza gari upande usio wake. Kukisikia, inabidi uwe umekaa mbele ya skrini.